UZI: Kuishi kwa uigizaji ukiwa Dodoma – wanunuzi, bei, mikataba, sauti na kodi

Mpiga Zeze (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wadau.

Swali linalorudi sana humu ni "nihamie lini Dar ili niishi kwa uigizaji?" Uzi huu ni wa yule anayetaka kubaki Dodoma, au Singida, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa, na alipe kodi ya nyumba kwa kazi hii mwaka baada ya mwaka. Naufungua kwa upande wa soko. Wenye kujua bei, mikataba na sauti washushe yao hapo chini.

Anza kwa kujua nani ananunua. Dar mnunuzi mkubwa wa mwigizaji ni televisheni na watayarishaji wanaoziuzia televisheni. Hapa kati mnunuzi ni ofisi. Wizara ziko Mtumba, Bunge lipo, taasisi za umma zimehamia, na asasi nyingi zimefungua ofisi ili ziwe karibu nazo. Wanachonunua ni igizo la dakika 7 hadi 12 la kufungua mkutano kwenye ukumbi wa Jakaya Kikwete au wa Chimwaga, ngonjera ya uzinduzi, igizo la uhamasishaji la kuzungusha vijijini Bahi na Chamwino, na sauti ya tangazo la redio. Mwigizaji wa Dodoma anayeziona hizi kuwa kazi ndogo huku akisubiri kuitwa kwenye tamthilia hatamaliza miaka mitatu kwenye fani. Nalisema kwa uchungu, maana vipaji vingi vya mkoa huu vimepotea hivyo.

Uzuri wa mnunuzi huyu ni kwamba kalenda yake inajulikana kabla. Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari kuingia Februari. Machi 8, wanawake. Juni imejaa: tarehe 5 mazingira, tarehe 16 Siku ya Mtoto wa Afrika, na Wiki ya Utumishi wa Umma tarehe 16 hadi 23. Agosti 1 hadi 8 Nane Nane pale Nzuguni, na siku hizohizo kuna wiki ya unyonyeshaji. Mwenge unakimbizwa Aprili hadi Oktoba 14, na kila halmashauri unapopita kunatakiwa burudani na ujumbe. Novemba 25 hadi Desemba 10 ni siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, katikati yake kuna Siku ya Ukimwi, Desemba 1. Kikundi chenye maigizo manne tayari (ukatili, lishe, mazingira, rushwa) kina kitu cha kuuza karibu kila mwezi.

Barua yako ifike wiki 6 hadi 8 kabla ya tukio. Afisa inabidi aandike dokezo, lipande kwa mkuu wa idara, kifungu cha bajeti kithibitishwe, ununuzi uingie kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Barua ya wiki moja kabla inamkuta afisa ana kikundi tayari, au anakuingiza kwa posho ya mkononi, na posho ya mkononi haijawahi kulingana na kazi.

Ambatanisha: muhtasari wa igizo mistari isiyozidi 10, idadi ya wasanii, dakika, mahitaji ya umeme na nafasi, bei iliyochambuliwa, picha 2 za jukwaani, nakala ya usajili na TIN (namba ya mlipakodi). Yote kwenye faili moja la PDF lisilozidi MB 2, kwa sababu litasomwa kwenye simu.

Januari hadi Machi, ukiacha Wiki ya Sheria na siku ya wanawake, ni kiangazi cha kazi hata kama mvua inanyesha. Barabara za vijijini hazipitiki na asasi bado zinapanga mwaka. Miezi hiyo iuzie mafunzo ya vilabu vya shule, rekodi matangazo, andika igizo jipya. Kumbuka pia kwamba anayechanganya na ushereheshaji atakosa harusi kipindi cha Kwaresma na Ramadhani.

---

Bei Kamili

Mkuu umefungua vizuri. Niweke bei, maana vikundi vingi vinakufa hapo.

Kosa ni kutoza siku ya onyesho peke yake. Siku za mazoezi nani anazilipa? Wasanii wenyewe, bila kujua. Chukua mfano wa kikundi cha watu 6, igizo la dakika 25, mazoezi siku 4, maonyesho 3 ndani ya siku 2 wilayani Bahi. Viwango ni vya mfano, weka vyako:

Utafiti na uandishi: 150,000
Mazoezi, watu 6 × siku 4 × 15,000: 360,000
Maonyesho, watu 6 × siku 2 × 60,000: 720,000
Gari na mafuta siku 2: 300,000
Spika, maikrofoni na jenereta siku 2: 200,000
Chakula na malazi, watu 6 × siku 2 × 20,000: 240,000
Maleba na zana: 80,000
Jumla: 2,050,000
Dharura asilimia 10: 205,000
Bei ya kupeleka: 2,255,000

Mlipaji akikata kodi ya zuio ya asilimia 5 (112,750), mkononi inafika 2,142,250. Kikundi kisichojua hili kinagombana siku ya mgao, mmoja anadhani mwenzake kachomoa. Mkiwaonyesha wasanii wote jedwali kabla ya kusaini, ugomvi huo hauanzi.

Mnunuzi akisema bei kubwa, usishushe malipo ya mtu. Punguza kazi: maonyesho 2 badala ya 3, wasanii 4 badala ya 6, au yeye atoe gari la ofisi. Akipunguza 300,000 za gari na bei ikashuka kwa kiasi hichohicho, hakuna aliyeumia. Na andikeni wazi "maonyesho 3, kila moja dakika 25 na mjadala dakika 40", kwa sababu mkifika kijijini mtaombwa "na shule ile pale mpite kidogo", na hilo ni onyesho la nne.

Asasi nyingi zinakubali kutanguliza asilimia 40 hadi 50. Ofisi ya serikali mara nyingi inalipa baada ya kazi, hivyo msikubali kazi ambayo kikundi hakiwezi kuibeba kwa mfuko wake hadi malipo yatoke. Kazi ya Mei na Juni ina hatari ya pekee: mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Ankara, ripoti na picha zifike kwa mhasibu ndani ya siku 3 baada ya onyesho. Zikichelewa, deni lako linaingia kwenye madeni ya mwaka mpya na hapo utasubiri sana.

---

Binti Hombolo

Shikamooni wakubwa. Maswali mawili. Mwigizaji asiye na kikundi anapataje bei yake ya siku? Na mkataba wa tamthilia ya televisheni, ule wa ukurasa mmoja wanaotoa siku ya kwanza lokesheni, unatakiwa uwe na nini ndani?

---

Bei Kamili

Marahaba. La kwanza nalijibu mimi.

Piga hesabu ya mwaka, si ya mwezi. Tuseme maisha yako yanakula 550,000 kwa mwezi, ni 6,600,000 kwa mwaka. Ongeza bima ya afya, akiba, vifaa, nauli za usaili na mafunzo, tuseme 1,400,000. Jumla 8,000,000. Sasa kadiria siku utakazolipwa. Mwigizaji aliyeshika kazi akipata siku 80 za malipo kwa mwaka anafanya vizuri, maana kila siku ya malipo ina siku ya kusoma skripti, mazoezi na kufuatilia hela. 8,000,000 gawa kwa 80 ni 100,000. Hiyo ndiyo sakafu yako. Ukikubali 40,000, unahitaji siku 200 za kazi, na siku hizo hazipo Dodoma wala Dar.

Unaweza kushuka chini ya sakafu kwa sababu moja tu iliyoandikwa, kwa mfano kupewa vipande vyako vilivyohaririwa ndani ya siku 30 ili uvitumie kuomba kazi nyingine. "Tutakutangaza" si malipo.

---

Kurasa za Mkataba

Binti Hombolo, la pili ni zito, nitalieleza kirefu. Mkataba wa ukurasa mmoja si tatizo kwa ufupi wake. Tatizo ni yale usiyoyakuta.

*Kipimo cha malipo.* Kwa siku, kwa sini (tukio moja la hadithi) au kwa kipande (episodi)? Wakikulipa kwa kipande, waandike kipande kimoja kinachukua siku ngapi za kurekodi kwa kiwango cha juu. Bila hivyo kipande kimoja kinaweza kukukalisha lokesheni siku 5 kwa sababu jenereta imekufa au mwigizaji mwingine hakutokea.

*Siku ya kazi.* Iwe na saa, tuseme 10 kuanzia muda ulioitwa kufika, si muda kamera ilipowashwa. Zaidi ya hapo kila saa ina nyongeza. Na kati ya kumaliza usiku na kuitwa tena kuwe na saa zisizopungua 10.

*Kuahirishwa.* Ukiambiwa umeahirishwa chini ya saa 24 kabla, ulipwe nusu siku. Kwa mtu anayetoka Dodoma kifungu hiki ni cha lazima, kwa sababu tiketi imeshakatwa.

*Kutofanya kazi kwingine.* Wanapenda kuandika usionekane chaneli nyingine. Uliza: kwa muda gani, na kwa malipo gani? Kukuzuia miezi 12 huku wakikuita siku 2 kwa mwezi ni kukunyang'anya riziki. Kubali kuzuiwa tamthilia shindani peke yake, na uandike kwamba jukwaa, redio, uhamasishaji na ushereheshaji viko nje ya zuio.

*Mwonekano.* Kama hawataki unyoe wala usuke mtindo mwingine kwa miezi 4, mtindo huo unakugharimu kazi nyingine. Uwe na posho yake.

*Matumizi ya mbele.* Kurudiwa, kuuzwa chaneli nyingine, kupandishwa mtandaoni, kuingiziwa lugha nyingine, kukatwa kipande kikawa tangazo la bidhaa. La mwisho ndilo linaumiza zaidi: uso wako unauza sabuni kwa malipo ya sini moja, na kampuni nyingine ya sabuni haitakuchukua tena. Andika kwamba tangazo la biashara linahitaji makubaliano mapya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamtambua mwigizaji kama mwenye hakishiriki katika uigizaji wake, lakini ukishakubali kurekodiwa kwa ajili ya filamu usitegemee sheria ikudaie kila kitu baadaye. Kinachokubeba ni maandishi.

*Sauti na akili mnemba.* Hili ni la sasa hivi, hasa kwa wanaorekodi matangazo na kuingiza sauti. Ongeza sentensi moja: "Rekodi za sauti na sura ya msanii hazitatumika kutengeneza au kufundisha sauti au sura bandia bila mkataba tofauti wa maandishi." Wakiikataa sentensi hiyo, wana mpango nayo.

*Tarehe ya malipo.* "Baada ya kurushwa hewani" haikubaliki, kwa sababu siku ya kurushwa huijui na huiamui wewe. Iwe siku 14 au 30 baada ya siku ya kurekodi.

Mwisho, usisaini siku ya kwanza lokesheni ukiwa umeshavaa maleba. Omba mkataba siku 3 kabla. Ukifika kabla hujaupata, tuma ujumbe wa maandishi kwa prodyuza: "Nathibitisha tulivyokubaliana: siku 4, shilingi kadhaa kwa siku, malipo tarehe fulani, usafiri na malazi juu yenu." Akijibu "sawa", tayari una kitu cha kushika.

---

Mama Maleba

Kwenye mwonekano niongeze: andika pia nguo ni za nani. Uzalishaji mdogo hukwambia uje na nguo zako. Zikitumika sini ya kwanza, zinatakiwa zibaki vilevile mpaka sini ya mwisho hata kama ni miezi 3. Basi wakukodishie, au wanunue.

Na kitu kinachofanya mwigizaji aitwe tena kuliko urafiki wote: daftari la mwendelezo. Kila sini andika tarehe, namba ya sini, nguo, viatu, saa mkono upi, kikombe mkono upi, nywele, jasho au kavu, umelia au hujalia, na neno ulilokuwa unalisema ulipokaa chini. Piga picha ya mwili mzima kabla ya kuvua. Uzalishaji wetu mwingi hauna mtu wa kushughulikia mwendelezo peke yake, hivyo anayekuja na daftari anawaokolea nusu siku ya kurudia, na wanamkumbuka.

---

Sauti ya Uwanda

Nishuke upande wa kazi yenyewe, uhamasishaji wa wazi, kwa sababu Dodoma inaua koo. Hewa ni kavu kuanzia Mei hadi Novemba, na upepo wa Julai mpaka Oktoba unabeba vumbi.

Upangaji wa uwanja. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki. Wasanii wakae upande wa mashariki, watazamaji magharibi, ili upepo upeleke sauti kwa watu badala ya kuirudisha usoni. Kwa onyesho la saa 10 jioni hili linakubaliana na jua: jua liko mgongoni kwa watazamaji na linawamulika wasanii usoni. Msanii ndiye anayevumilia kuangalia jua, mtazamaji asikunje uso. Asubuhi mambo yanapinduka, hivyo asubuhi tafuteni kivuli cha mbuyu au ukuta wa zahanati.

Nusu duara, kamba chini, upana wa mita 5 hadi 6. Watoto mbele wamekaa, wazee kwenye viti pembeni, akina mama wapewe nafasi yenye kivuli, maana wakikaa nyuma kabisa watachukua ndoo waondoke kabla ya mjadala. Kwa watu mpaka 150 walionyamaza, koo lililofundishwa linatosha. Wakizidi hapo, maikrofoni. Za kichwani 2 zinatosha kama mnabadilishana kwa wahusika wakuu, zifungwe sponji ya upepo, betri mpya kila siku. Maikrofoni ya mkononi inaua igizo kwa sababu mtu anaigiza kwa mkono mmoja. Jenereta liwe mita 30 nyuma ya watazamaji, upande upepo unakoelekea, mlio uende mbali nao. Mkiliweka nyuma ya wasanii kwa sababu waya ni mfupi, mmeua onyesho.

Koo. Maji kidogokidogo kuanzia saa 2 kabla ya onyesho, siyo chupa nzima dakika ya mwisho. Kwenye gari funga vioo na jifunike kitambaa puani, na usipige soga kushindana na injini, maana sauti inachoka barabarani kabla ya kazi. Pasha sauti dakika 15: kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kutetemesha midomo, kupanda na kushuka, kisha maneno ya skripti kwa sauti ya kati. Mhusika mkuu asifanye maonyesho zaidi ya 2 kwa siku. La tatu abadilishane na mwenzake, kwa hiyo mazoezini kila nafasi kubwa ishikwe na watu 2. Jioni fukiza kwa mvuke wa maji matupu dakika 10. Sauti ikikwaruza usinong'one, kunong'ona kwa nguvu kunaikaza zaidi, nyamaza kabisa. Ikizidi wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usiendelee na tangawizi.

Watu wanaitwa kwa ngoma, siyo kwa spika ya gari. Dakika 20 hadi 30 za muheme zinajaza uwanja kuliko matangazo ya siku nzima. Muheme ni wa akina mama, na kuna vikundi vinavyoujua kweli, hasa upande wa Chamwino ambako hufanyika tamasha la muziki wa Cigogo. Walipeni kama kikundi, kwenye bajeti, msiwachukue kwa soda.

Lugha: mazungumzo ya Kiswahili, nyimbo na vichekesho kwa Kigogo. Ukifika Kondoa na Chemba utahitaji Kirangi. Mwigizaji anayemudu Kigogo, Kirangi na Kinyaturu aandike hivyo juu kabisa kwenye wasifu wake, kwa sababu ni sifa inayolipwa huku kati.

Igizo lisisimulie kila kitu hadi mwisho mwema. Lisimame pale tatizo linapokaza, mwezeshaji aingie aulize "huyu mama afanye nini sasa?" Kisha watu wagawanywe wanawake, wanaume na vijana kwa dakika 15 kabla ya kurudi pamoja. Ukiuliza wote kwa pamoja watazungumza wazee 3 peke yao.

Siku moja kabla, mtu mmoja atangulie kwa mtendaji na barua, aulize ratiba ya mnada na misiba, na apitie majina. Jina la mhusika mwovu likifanana na la mtu wa kijiji pale, mjadala wote utageuka kuwa wa mtu huyo na mnaweza kuondoka vibaya. Mikusanyiko ya wazi polisi wa wilaya wapewe taarifa mapema kwa barua.

---

Karani wa Fani

Makaratasi, kwa kifupi, kwa mpangilio huu kwa sababu kila moja linadai lililotangulia: katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao wenye saini, usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), mkipitia kwa afisa utamaduni, TIN kutoka TRA, akaunti ya benki kwa jina lilelile la usajili, watia saini 3, kisha NeST. Majina yasipofanana herufi kwa herufi ("Kikundi cha Sanaa" kwenye cheti, "Group" kwenye akaunti), malipo yanakwama kwa mhasibu.

BASATA inasajili msanii na kikundi. Bodi ya Filamu ni kitu kingine: inasimamia filamu na michezo ya kuigiza ya jukwaani kwa Sheria Na. 4 ya 1976, na kibali cha kupiga picha za filamu kinaombwa huko. Usajili wa BASATA hauwi kibali cha kurekodi filamu mtaani.

Kodi: kila mlipaji anayekukata asilimia 5 ya zuio, mdai hati ya zuio siku hiyohiyo. Hiyo 5 si hela iliyopotea, inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, lakini bila hati huwezi kuidai. Makadirio yanapelekwa kabla ya Machi 31 na ritani kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Tenga asilimia 10 ya kila malipo kwenye laini nyingine ya simu, usiiguse.

Jipangieni pia mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu). Kwa kikundi cha sanaa inafaa kununulia spika na jenereta, vitu vinavyokodishika siku ambazo hamna onyesho. Haifai kutengenezea filamu, kwa sababu marejesho yanaanza kabla filamu haijauzwa.

---

Binti Hombolo

Nashukuru sana, nimenakili yote. La usaili wa kujirekodi kwa simu, na la safari ya Dar, naomba msaada. Na kama usaili unaitwa usiku nyumba ya wageni?

---

Mama Maleba

La mwisho nalijibu kwanza, mwanangu. Hakuna usaili halali unaofanyika chumbani. Jibu kwa maandishi: "Nitafika mchana, ofisini au ukumbini, nikiwa na mwenzangu." Wa kweli atakubali. Akikudai mwili ili akupe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute ujumbe wala kumbukumbu za simu zake. Piga TAKUKURU 113, ni bure. Piga mapema, kabla ya kukutana naye, siyo baada.

---

Mpiga Zeze

Kujirekodi: simu ilale kwa upana, kamera usawa wa macho, kifua mpaka juu kidogo ya kichwa. Ukuta mtupu wa rangi tulivu. Mwanga wa dirisha uwe mbele yako, siyo nyuma. Nyumba ya bati inapiga kelele upepo ukianza, hivyo rekodi saa 12 na nusu mpaka saa 2 asubuhi, tundika blanketi mbili nje ya picha ili chumba kisiwe na mwangwi. Msomaji mwenzako asimame bega kwa bega na kamera na asome kwa sauti ya chini kuliko yako, la sivyo anakufunika kwa sababu yuko karibu na kinasa. Anza kwa jina, urefu, mji unaoishi, lugha. Toa matoleo 2 tofauti kweli, siyo lilelile mara 2. Usitume kama video ya kawaida WhatsApp, inabanwa na uso unakuwa ukungu. Itume kama dokumenti, faili likiwa na jina lako na la mhusika.

Safari: SGR imelifanya jambo hili liwezekane tangu 2024. Nauli ya treni ya kawaida Dodoma–Dar ilianza kwa 31,000, kwenda na kurudi 62,000. Ongeza usafiri wa kwenda na kutoka stesheni na usiku mmoja wa kulala, siku moja ya kurekodi inaweza kula zaidi ya 120,000 kabla hujala. Usikubali siku mojamoja. Omba sini zako zikusanywe siku 3 au 4 mfululizo, na useme hivyo mapema, kabla ratiba haijatoka. Prodyuza anayekutaka ataweza kupanga, kwa sababu hata yeye anaokoa nauli.

Aprili hadi Juni, wakati wa Bunge la bajeti, hali inageuka: watayarishaji wa Dar wakija kurekodi Dodoma vyumba vimejaa na vimepanda bei. Hapo mwigizaji anayelala kwake ni nafuu kwao kuliko wa Dar. Liandike kwenye barua ya kuomba kazi unayoituma Februari.

---

Bei Kamili

Na hiyo barua ya Februari weka namba ya simu ya pili ya mtu anayekaa mjini. Ukiwa Chemba kwenye uhamasishaji mtandao haushiki kila mahali, na usaili haukusubiri siku 2.